Nyumba ya Zamani, Mfuko Mdogo

Msikilizaji, kama nyumba yako ya Mji Mkongwe, Zanzibar, imeanza kuchakaa na fedha ni chache, anzia juu. Ziba paa linalovuja na zibua mifereji kabla ya kununua rangi. Maji ndiyo yanayoozesha vichwa vya boriti vilivyomo ukutani. Chomeka bisibisi kwenye boriti: ikizama kwa urahisi, mwite fundi.

Usipige lipu ya saruji. Kuta za mawe ya matumbawe zinataka chokaa, kwani hupitisha unyevu ukatoka nje. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na lipu hubanduka.

Ukuta wa pamoja usiuguse kabla hujazungumza na jirani, na kibali cha ukarabati kitangulie kazi. Kagua paa kabla masika hayajaingia.