Nyambizi za Nyuklia katika Bahari ya Hindi

Ninyi askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi, ng'ambo ya Bahari ya Hindi tunaye jirani mkubwa, nchi ya India. Kwa karne nyingi majahazi yamesafiri baina ya pwani zake na pwani zetu kwa pepo za kaskazi na kusi. Siku hizi jirani huyo ana chombo cha namna nyingine baharini, kisicho na tanga na kisichoonekana. Tarehe 29 Agosti 2024, huko Visakhapatnam, Jeshi la Majini la India lilipokea nyambizi yake ya pili ya makombora ya nyuklia, iitwayo Arighaat. Ya kwanza, Arihant, iliingia kazini mwaka 2016, na mwezi Novemba 2018 serikali ya India ilitangaza kwamba imekamilisha doria yake ya kwanza. Yafaa tujiulize chombo hiki ni cha kazi gani, na kinatuhusu nini.

Kombora lililowekwa nchi kavu lina mahali pake, na adui akipajua aweza kulivunja kabla halijaruka. Ndege za vita nazo zaweza kuteketezwa zikiwa uwanjani. Lakini nyambizi inayoendeshwa kwa kinu cha nyuklia hailazimiki kuibuka kuvuta hewa. Hukaa chini majuma mengi, na bahari ni pana. Kwa hiyo adui akusudiaye kushambulia kwa ghafula hujua kwamba hata akiangamiza miji na kambi zote, kipo chombo kilichosalia ambacho kitalipiza. Kujua huko ndiko kunakomzuia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka 2003 India ilitangaza rasmi kwamba haitakuwa ya kwanza kutumia silaha za nyuklia. Nchi yenye ahadi kama hiyo hailindwi nayo isipokuwa ina hakika ya kubaki na silaha baada ya kupigwa. Hapo ndipo ilipo sababu ya Arihant na Arighaat. Makombora yao ya awali yalifika kilomita 750 tu, hata ikawapasa kusogea karibu na pwani ya adui. Mwezi Novemba 2024 Arighaat ilijaribu kombora la kilomita 3,500. Kadiri kombora linavyofika mbali, ndivyo eneo la kujificha linavyozidi kupanuka baharini.

Lakini amani ya namna hii ina gharama yake. Ninyi askari mnajua kwa nini silaha hufungiwa ghalani na risasi hutolewa kwa amri na kuandikwa daftarini. Nchi kavu, kichwa cha nyuklia chaweza kutengwa na kombora lake, kila kimoja kikawa na walinzi wake. Katika nyambizi iliyo doriani haiwezekani: vyote vimo tumboni mwa chombo kimoja, na chombo hicho hukwepa kuzungumza na makao yake kisije kikagunduliwa. Kwa utaratibu wa India, ni baraza la kisiasa linaloongozwa na Waziri Mkuu tu liwezalo kutoa amri ya kufyatua. Utii wa watu wachache walio gizani chini ya maji ndio unaoulinda utaratibu huo.

Tena bahari haina urafiki na mtu. Mwezi Oktoba 1986 nyambizi ya Kisovieti K-219 ililipukiwa na kombora lake katika Bahari ya Atlantiki. Baharia Sergei Preminin, kijana wa miaka 20, aliingia katika chumba cha kinu na kukizima kwa mikono yake, naye hakutoka tena. Siku chache baadaye nyambizi hiyo ilizama pamoja na silaha zake. Mwezi Februari 2009 ilitangazwa kwamba nyambizi mbili za nchi marafiki, Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa, zimegongana katika bahari hiyo hiyo. Kila moja ilijificha vizuri mno, hata isionwe na mwenzake.

Afrika ilikwisha kusema neno lake. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, unakataza silaha za nyuklia katika bara letu, nazo Tanzania na Kenya zimeuridhia. Mkataba huo haufungi njia za bahari kuu, lakini unaiachia kila nchi uamuzi wa kuruhusu au kukataa meli za kigeni bandarini mwake. Hatuna uwezo wa kuamuru nani apite kilindini. Mlango wa bandari, hata hivyo, ni wetu, na walinzi wake ni ninyi. Askari ajuaye ni nini kinachoweza kupita mbele ya pwani yake hulinda kwa macho mawili, wala hadanganyiki kwamba bahari iliyotulia ni bahari iliyo salama.