Nani Anayelipia Uuguzi wa Wazee Wetu?



Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au aliwinda pweza maisha yake yote. Baadaye kiwango kikapanda hadi 50,000. Siibezi hata kidogo. Lakini leo nimekuja kumzungumzia mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la pensheni hiyo: binti aliyefunga genge lake ili amuuguze mama aliyepooza.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya makalio na visigino huchubuka, kisha vidonda vikachimba hadi mfupani. Hiyo ni mara 12 kwa siku, mara 360 kwa mwezi. Gawanya zile 50,000: haifiki shilingi 140 kwa kila anapogeuzwa. Na hapo sijagusa pampasi, uji wa kijiko kimoja kimoja, wala shuka zinazofuliwa kabla ya alfajiri.

Sasa tazama hesabu ya familia kwenye WhatsApp. Kaka wa Muscat katuma, ashukuriwe. Dada wa Dar es Salaam katuma nusu, ahimizwe. Aliyebaki nyumbani hana mstari. Wanasema hana kitu. Mimi nasema yeye ndiye mchangiaji mkubwa kuliko wote: ametoa kipato chake cha leo na akiba ya uzee wake mwenyewe.

Ujerumani, yenye bima ya lazima ya utunzaji tangu 1995, humhesabu mtu huyu. Familia inaweza kuchagua fedha taslimu, na bima humchangia anayeuguza pensheni akitimiza saa zilizowekwa. Japani ilianza yake mwaka 2000 ikakataa kutoa fedha, ikatoa huduma tu. Wanawake walioipigania walihofia kwamba fedha zingemfunga mkamwana nyumbani. Hofu hiyo ina mantiki. Kwetu, hata hivyo, binti keshafungwa, tena bure.

Hatuna haja ya kungoja bima kama hiyo. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) una mpango wa hiari kwa wasioajiriwa. Ndugu wanaweza kumfungulia anayeuguza akaunti na kumchangia kila mwezi, kabla hata ya kununua pampasi. Wakubaliane mama angali hai, kwa maandishi, kwa sababu mirathi haina fungu la ziada kwa aliyeuguza. Nitajibiwa kuwa radhi ya mama hailipwi kwa fedha. Nakubali, ila nimegundua kwamba jibu hilo hutolewa zaidi na wasiokesha.