Pensheni na Mauzo: Mizigo Miwili

Fungueni madaftari yenu, kalamu mkononi. Somo letu la leo ni hesabu ya kodi kwa mtu aliyestaafu.

Zamani, misafara iliyopita hapa Tabora ikienda Ujiji au Bagamoyo haikuondoka mpaka mnyampara amehesabu mizigo. Shaba ni shaba, pembe ni pembe, nguo ni nguo. Njiani walidaiwa hongo, na asiyejua mizigo yake alitozwa kwa kukisia. Leo hongo ya namna hiyo haipo, lakini kuhesabu mizigo kungalipo.

Tuseme yuko mzee mmoja hapa Tabora, mtumishi wa umma mstaafu. Mfuko wake ni PSSSF, uliounganisha mifuko minne mwaka 2018. Kila mwezi hupata pensheni ya Sh. 200,000/-. Tena huuza asali sokoni. Mwaka mzima asali yake imeuzwa kwa Sh. 3,500,000/-.

Mzee huyu akaenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Akaulizwa, "Mauzo yako ya mwaka ni kiasi gani?" Yeye akajumlisha fedha zote zilizopita mkononi mwake. Andikeni:

Pensheni: 200,000 × 12 = 2,400,000
Asali: 3,500,000
Jumla: 5,900,000

Kujumlisha kwake ni sawa, lakini jibu lake si sawa. Aliulizwa mauzo. Pensheni si mauzo. Hakuna aliyeinunua kwake.

Sasa tazameni hasara yake. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi Sh. 4,000,000/- kwa mwaka hayalipiwi kodi hiyo. Yakizidi hapo mpaka Sh. 7,000,000/-, asiyetunza kumbukumbu hulipa Sh. 100,000/-. Basi mzee wetu, ambaye mauzo yake hayakufika milioni nne, angelipa nusu ya pensheni ya mwezi kwa kosa la neno moja.

Je, afiche pensheni? Hasha! Aseme wazi: "Ninayo pensheni, hati yake hii hapa. Na mauzo yangu ya asali ni haya." Mizigo miwili, kila mmoja na jina lake.

Wengine hukosea upande wa pili. Mtu ameuza asali ya Sh. 5,000,000/-, naye husema, "Mimi mzee wa pensheni tu, sina biashara." Huo ni uongo, na uongo kwa mtoza kodi huzaa faini.

Mtu huyo angefaa kutunza daftari la mauzo na stakabadhi. Mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne. Hesabuni:

5,000,000 – 4,000,000 = 1,000,000
Asilimia 3 yake = 30,000

Asiye na daftari 100,000. Mwenye daftari 30,000. Tofauti ni Sh. 70,000/-. Ndugu zangu, hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi shikeni haya. Kila jioni andika tarehe, ulichouza, na fedha uliyopata. Hati za pensheni ziweke mahali pake peke yake. Makadirio ya mwaka unaoanza Januari hupelekwa kabla ya Machi kwisha, na kodi hulipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukifika ofisini uliza viwango vya mwaka huo, kwani Bunge huweza kuvibadili. Na ukilipa, usiondoke bila stakabadhi.

Maswali ya kufanya nyumbani
1. Kwa nini pensheni haihesabiwi katika mauzo?
2. Bibi mmoja hupata pensheni ya Sh. 150,000/- kwa mwezi, naye huuza karanga za Sh. 4,500,000/- kwa mwaka. Taja mauzo yake. Akiwa na daftari, atalipa kodi kiasi gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.