Sindano Iliyotupwa Bado Ina Hatari

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu)

Leo tunazungumza juu ya taka za hospitali. Waite watoto wakae karibu na redio, maana habari hii inawahusu.

Watoto wetu hujitengenezea vitu vya kuchezea. Kopo huwa gari, mifuko ya nailoni huwa mpira. Mtoto wa namna hiyo akiokota bomba la sindano, hufurahi sana. Atavuta maji na kumrushia mwenzake. Hajui kwamba ndani ya sindano ile huenda imebaki damu ya mgonjwa.

Damu hiyo, hata ikiwa kidogo kiasi cha kutoonekana, inaweza kuwa na virusi vya homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu akichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa wa homa hiyo, hatari ya kuambukizwa ni asilimia 30. Kwa virusi vya UKIMWI ni asilimia 0.3.

Sasa tuangalie hospitalini. Katika kila sehemu 100 za taka zake, kama 85 ni taka za kawaida: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula. Hatari iko katika sehemu 15 zinazobaki. Lakini ukizichanganya, zote zinakuwa za hatari. Ndiyo maana unaona ndoo za rangi mbalimbali. Bandeji yenye damu ina ndoo yake, na ganda la ndizi lina ndoo yake. Ukimuuguza ndugu yako wodini, uliza kabla ya kutupa.

Sindano huingia moja kwa moja katika kisanduku kigumu cha usalama, bila kurudishiwa kifuniko chake. Kisanduku kikijaa robo tatu, hufungwa na kupelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka. Kondo la nyuma lina shimo lake lenye mfuniko. Mahali hapo pamezungushiwa uzio, si kwa kuwanyima watu vitu vya maana. Tafadhali, mtu asiingie kutafuta chupa au plastiki. Na wanaobeba taka hizo ni ndugu zetu. Wanahitaji buti, glavu nene na chanjo ya homa ya ini B.

Lakini, msikilizaji, tuseme ukweli. Si kila sindano inayookotwa mtaani imetoka hospitalini. Nyingine hutoka kwa mtu anayechoma watu sindano nyumbani kwa siri, kisha anaitupa nyuma ya nyumba. Usikubali kuchomwa namna hiyo. Nyingine hutoka kwa mgonjwa wa kisukari. Wewe unayejichoma insulini, weka sindano zako katika chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, uandike juu yake, ukiweke mbali na watoto, kisha ukirudishe kliniki. Usizitupe chooni wala jalalani. Usizichome jikoni pia, maana chuma hakiungui.

Ukiona sindano imelala njiani, usiiokote kwa mkono mtupu. Wazuie watoto, mtu mmoja abaki hapo, mwingine akamwite mhudumu wa afya wa jamii.

Na kama mtoto amekwisha kuchomwa? Osha mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni. Usikamue, usinyonye damu, usichanje. Halafu mpeleke kliniki siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hakina maumivu. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, lakini ni lazima zianzwe mapema, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Ipo pia chanjo ya homa ya ini B. Ukingoja kuona kama ataugua, utakuwa umechelewa.

Mzazi, neno la mwisho ni lako. Mtoto akija na kusema, "Mama, nimechomwa," usimpige. Mtoto aliyepigwa leo, kesho ataficha, na wewe hutajua mpaka siku zile tatu zimepita. Mshukuru kwa kusema, kisha mshike mkono mwende.

Kabla ya kulala, jadilini nyumbani: Watoto wetu huchezea wapi? Mhudumu wa afya wa mtaa wetu anakaa wapi? Nani atakayempeleka mtoto kliniki kama mama hayupo?

 

(Muziki unapanda)