Kabla ya Kusahihisha Akiba, Hesabu Mistari

(Mazungumzo na waandishi na waweka hazina wa vikundi)



Leo tunaongea juu ya kitabu cha akiba kilicho ndani ya kompyuta. Mnatuletea madaftari, nasi tunayaingiza katika hifadhidata, yaani majedwali ya kompyuta. Halafu tunapiga hesabu kwa R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa huko New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman miaka ya 1990. Hailipiwi.

Kwa R twaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuuliza: mwanachama namba 17 ana akiba gani? Hapo tunatumia dbGetQuery. Swali kama hilo haliharibu kitu. La pili ni kubadilisha: kuongeza mstari kwa INSERT, kusahihisha kwa UPDATE, au kufuta kwa DELETE. Hapo tunatumia dbExecute, na hapo ndipo penye hatari.

Siku moja tulitaka kusahihisha akiba ya mama mmoja iwe shilingi 500. Tukaandika UPDATE, tukasahau WHERE, neno la kusema ni mstari wa nani. Kumbe kila mwanachama akawa na shilingi 500! Wa 8,000 na wa 50, wote sawa. Kilichotuokoa ni daftari la karatasi.

Basi siku hizi twafanya hivi:

1. Kabla ya kubadilisha, tunaandika dbBegin.

2. dbExecute ikimaliza hujibu kwa namba: mistari mingapi imeguswa. Tulitaka 1, imesema 64? Tunaandika dbRollback, na yote yanarudi yalivyokuwa. Imesema 0? Basi hakuna kilichosahihishwa. Pengine namba ya mwanachama imekosewa.

3. Namba ikiwa sawa, tunaandika dbCommit. Baada ya hapo dbRollback haisaidii tena.

Nanyi msiojua kompyuta, msinyamaze. Pesa ni zenu, jasho ni lenu. Kijana wa kompyuta akisema, "Nimesahihisha," mwulizeni: "Mistari mingapi imebadilika?" Asipojua, aangalie tena mbele yenu. Na lile daftari la karatasi msilitupe hata kidogo.