Mali Bila Daftari

Kwa miaka mingi kila niliposhindwa katika gofu nililaumu mkwaju wa mwisho, ule wa kusukumia mpira shimoni. Jumamosi zangu zote zikaishia kwenye mazoezi ya mkwaju huo.

Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alileta hesabu nyingine, na mwaka 2011 PGA Tour ya Marekani ikaanza kuitumia. Kila mkwaju hulinganishwa na wastani wa wachezaji wa kulipwa. Kutoka futi 8, hao hutumbukiza takriban nusu tu ya mipira. Wastani wao ni mkwaju mmoja na nusu. Ukitumia mmoja, umepata faida ya nusu; ukitumia miwili, hasara ya nusu. Broadie aligundua kuwa kama theluthi mbili ya tofauti kati ya mabingwa na wengine hutokana na mikwaju ya kutoka zaidi ya yadi 100.

Nikanunua daftari, nikaandika kila mkwaju. Lo! Mwizi wangu hakuwa shimoni. Alikuwa vichakani, nilikokuwa nikipeleka mpira wa kwanza.

Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari. Nawe, dukani au nyumbani, kabla ya kumshika mwizi, hesabu kwanza.