WANATAFUTA NINI KATIKA VILINDI VYA BAHARI?

(Mada iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri, Kariakoo, Dar es Salaam)

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, kijana wa madrasa aliniuliza: “Ustadhi, kwa nini wanasayansi hutumia mali nyingi kuzamia mahali asipoishi mtu?” Swali hili lastahiki jibu.

Kwanza, huko wako viumbe tusiowajua. Samaki aitwaye silikanti alidhaniwa ametoweka tangu zama za kale mno, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga wakamnasa katika nyavu za maji marefu, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi yake.

Pili, ni kuhifadhi roho. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra lilizusha tsunami iliyoua watu hata hapa Dar es Salaam. Atakaye kutahadharisha wenziwe hana budi aijue sakafu ya bahari.

Tatu, ni riziki. Kuanzia 2010 gesi asilia imegunduliwa katika maji ya kina kirefu mkabala na Mtwara na Lindi.

Sasa tujihesabu wenyewe. Suratun-Nuur, Aya ya 40, yapiga mfano wa giza la bahari yenye kina. Tukisikia kuwa chini ya mita 1,000 nuru ya jua haifiki, tunapiga takbira. Lakini ni nani aliyeshuka? Mwaka 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka karibu mita 11,000 katika Bahari ya Pasifiki. Isitoshe, Aya ile ni mfano wa amali za waliokufuru. Ni onyo kwa nyoyo, wala haikuteremshwa ili tujifaharishe kwa jasho la wengine.

Basi mzazi, mwanao akipenda fizikia na baiolojia, usimtoe shuleni akakae dukani. Nasi walimu wa madrasa, nami nikiwemo, tuache kumwambia kuwa elimu hiyo ni ya dunia tu. Mwenye kuchunguza viumbe kwa imani huzidi kumcha Aliyeviumba.

Wabillahi tawfiq.